Jirani Asiyeuliza

Bismillahi 'r-Rahmani 'r-Rahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Nalijiwa na mfanya biashara mmoja wa Kariakoo baada ya sala ya Isha, akakaa kando mpaka watu walipokwisha kutoka msikitini, ndipo akanisogelea. Akasema: "Shekhe, katika jengo ninalokaa yuko mpangaji, yapata miezi mitano sasa. Simjui jina wala kwao. Hutoka saa nane za usiku, na mara nyingi huletewa mizigo iliyofungwa kwa kamba, ikapandishwa ngazi kabla ya Alfajiri. Moyo wangu hautulii. Nikimfuatia nachelea kuwa mpelelezi, na upelelezi umekatazwa katika Kurani. Nikinyamaza nachelea yasitupate tena yale ya zamani. Je, dhambi ni ipi katika mbili hizi?"

Sikumjibu usiku ule. Nalimwambia arudi Ijumaa, kwani swali lake si la kujibiwa na mtu aliyesimama. Haya niyaandikayo ni jawabu yake, na jawabu ya wengine wenye swali hilo hilo wasiothubutu kuuliza. Na sehemu yake yanihusu mimi mwenyewe, kama msomaji atakavyoona.

Yale ya zamani aliyoyataja ni haya. Siku ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, nayo ilikuwa katika Mfunguo Saba wa mwaka 1419, nalikuwa kijana ninasomesha chuoni katika mtaa mmoja wa Ilala. Ilipopata saa nne na dakika kama arobaini asubuhi tulisikia kishindo cha mbali. Watoto wakanyamaza, wakanitazama. Nami nikawaambia: "Someni." Wakaendelea kusoma. Baadaye khabari zikafika kwamba gari lenye bomu limelipuka mbele ya ubalozi wa Marekani upande wa Oysterbay, na kwamba wakati huo huo Nairobi nako limelipuka jengine. Hapa petu walikufa watu 11, na waliojeruhiwa walipita 80. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na majeruhi wakahisabiwa kwa maelfu. Katika hao 11 wa Dar es Salaam hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwa walinzi, na wafanya kazi, na watu waliotoka makwao asubuhi kutafuta riziki ya watoto wao. Gari la kuletea maji lilikuwa limesimama baina ya bomu na jengo. Lau si gari hilo, msiba ungalikuwa mkubwa zaidi.

Mitaani tulisema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani na maadui zao. Nami nalisema hivyo, wala sitakana. Lakini kesi iliposikizwa New York mwaka 2001, na ya pili mwaka 2010, yalidhihiri mambo ambayo yampasa kila mkaazi wa Kariakoo na Ilala ayajue. Bomu lile halikuletwa na jahazi likiwa tayari. Liliundwa hapa. Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar, ndiye aliyepanga nyumba Ilala. Na ndani ya nyumba hiyo baruti ilisagwa, ikapakiwa katika gari. Ahmed Khalfan Ghailani, naye wa Zanzibar, alikuwa katika walionunua gari lenyewe, gari la mizigo la Nissan, na mitungi ya gesi. Huyu wa kwanza alikamatwa Cape Town mwaka 1999, na wa pili Pakistan mwaka 2004, na wote wawili wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Basi tazama, ndugu msomaji, mambo yalivyokuwa. Yuko aliyeuza gari, yuko aliyeuza mitungi, yuko aliyepangisha nyumba akapokea kodi yake. Hapana katika hao aliyevunja sheria. Wala sisemi kwamba majirani wa nyumba ile walijua. Mwenye kuwasingizia hivyo amewadhulumu. Mtu kununua gari Dar es Salaam si ajabu, na mtu kupanga nyumba si ajabu. Lakini nyumba ile haikuwa msituni. Ilikuwa Ilala, mahali ambapo mtu wa Kariakoo huenda kwa miguu asichoke, na nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani akuambia pole. Walikaa humo, wakala, wakalala, wakatoka na kuingia, na mji mzima ukawa hauna la kuwauliza. Hilo ndilo linalonisumbua: si kwamba hatukujua siri yao, bali kwamba hatukujua hata yale yasiyo siri, kama vile jina la mtu, na kwao, na kazi yake, na nani atakayemzika akifa.

Zamani hayo yasingaliwezekana kwa wepesi. Wakubwa wetu waikumbuka nyumba ya Kariakoo ilivyokuwa: vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani kisima au bomba na jiko na choo, na mbele baraza. Wapangaji ni sita, lakini sufuria zikaa pamoja uani, na kila mmoja ajua mwenziwe leo kapika nini au hakupika. Mgeni akija hana pa kupita ila ukumbini, na ukumbini lazima atoe salamu, na salamu huzaa maneno. Hapakuwa na mtu aliyewekwa kumchunga mwenziwe. Maisha yenyewe yalikuwa yakiwajulisha. Nyumba zile nyingi zimebomolewa, zimejengwa maghorofa. Mlango ni wa chuma, na nyuma yake kuna mlango mwengine. Twapanda ngazi moja mwaka mzima, na mtu akifa twauliza, "Ni nani aliyekufa?" Sikatai maghorofa, kwani watu wamezidi na ardhi haikuzidi. Nasema tu kwamba baraza ilipoondoka, kazi iliyokuwa ikifanywa na baraza haikupewa mtu.

Sasa tuje katika hukumu. Kupeleleza aibu za watu ni haramu, na dalili yake i wazi katika Suratul Hujurat, ambamo Mwenyezi Mungu amekataza dhana mbaya, kisha upelelezi, kisha kusengenya, kwa mpango huo; na mwenye akili ataona kwamba la kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu. Imamu Ghazali katika Ihya amesimulia kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimshukie, alivyopanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku akamkuta katika maasia. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, na Umar kwa matatu: amepeleleza, na ameingia si kwa mlango, na ameingia bila ya kutaka idhini wala kutoa salamu. Umar hakuwa na la kusema. Akamwacha baada ya kuahidiwa toba. Basi ikiwa Khalifa wa Mtume alirudishwa mlangoni, mimi na wewe tuna haki gani ya kutega sikio ukutani?

Lakini wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii hawakuishia hapo. Imamu Mawardi, aliyekufa mwaka 450 wa Hijra, amebainisha kwamba upelelezi uliokatazwa ni ule wa maasia yanayomdhuru mwenyewe. Ama akija mtu mwaminifu akaleta khabari kwamba fulani amemchukua mwenziwe faraghani ili amwue, hapo yafaa kuchunguza na kufuatia haraka, kwani roho ikisha kupotea haitengezeki tena. Imamu Nawawi ameyapokea maneno hayo katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Tazama masharti mawili yaliyomo. La kwanza, khabari itoke kwa mtu mwaminifu au kwa dalili iliyo dhahiri, si kwa dhana, wala si kwa sababu ya ndevu za mtu au kanzu yake au kabila lake. La pili, jambo lenyewe liwe ni khasara isiyorudi. Anayelewa peke yake chumbani hafuatiwi. Anayesaga baruti chumbani si peke yake tena, hata kama mlango umefungwa, maana watakaokufa wako nje.

Hayo ni ya wakati wa khatari. Lakini kabla ya khatari liko jambo kubwa zaidi, nalo ndilo tuliloliacha. Katika Minhaj, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa pwani hii akifika daraja yake hukisoma, mna mas'ala ya mtu aliyewausia majirani zake mali. Wagawiwe nani? Jawabu: nyumba 40 kila upande. Arobaini mara nne ni nyumba 160. Twaisoma mas'ala hii tukiwa na kalamu mkononi, twahisabu mirathi na wasia, tukisha twafunga kitabu twaenda zetu, wala hatujiulizi: mimi nawajua wangapi katika hao 160? Chama cha TANU katika miaka ya 1960 kiliweka balozi kwa kila nyumba kumi. Kenya nao, baada ya kuuawa watu zaidi ya 60 katika duka kubwa la Westgate mwezi wa Septemba 2013, wakaanzisha Nyumba Kumi yao. Si vibaya. Lakini kumi za serikali zilikusudiwa kuangaliana, na arobaini za sharia zimekusudiwa kupeana: kuzuru mgonjwa, kusindikiza maiti, kumkopesha aliyekwama. Mtume s.a.w. alimwagiza Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi ili awakumbuke majirani. Mtu aliyepelekewa mchuzi mara tatu, wewe umekwisha mjua. Na hukupanda ukuta wake.

Yule mfanya biashara aliporudi Ijumaa nalimwambia: "Peleka sahani ya wali, ubishe mlango mchana kweupe, utoe salamu." Akaona kama nafanya mzaha. Akaenda. Yule mpangaji kumbe ni mtu wa Singida, auza viatu vya mtumba; robota huletwa usiku, naye hutoka saa nane kuwahi mnadani. Alikuwa akiumwa kifua miezi miwili na hana aliyejua. Rafiki yangu alirudi kwangu ana haya, akaniambia kwamba yule mtu alipoiona sahani alishika kizingiti akashindwa kusema.

Najua atakuwako wa kuniuliza: na lau angalikuwa ni mwengine? Lau angalifungua mlango nusu, akakataa wali, na harufu ya baruti ikatoka? Hapo amri imegeuka, na ndipo penye uzito, kwani watu wetu hawanyamazi kwa sababu wamekufa moyo. Wasemao hivyo hawakuwako Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka likafukia watu, wakafa zaidi ya 20. Wachukuzi, wenye maduka, na vijana wasio na kazi walifukua kwa mikono kabla ya vyombo kufika, na wako waliotolewa hai kwa mikono hiyo. Kwa janga lililokwisha tokea sisi tu wepesi sana. Tunapokuwa wazito ni kwa dalili.

Na sababu ya uzito huo ni khofu, nayo si ya bure. Kibiti na Rufiji na Mkuranga, safari ya saa chache kutoka hapa, waliuawa makumi ya watu baina ya 2016 na 2017, na wengi wao walikuwa wenyeviti wa vijiji na watu wa serikali za mitaa, yaani wale wale ambao watu wangewaendea kusema. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mara moja. Mwanakijiji aliyeona hayo atafunua kinywa kwa nani? Na khofu ya upande wa pili ipo vile vile. Mashekhe wa Uamsho wa Zanzibar walikaa gerezani miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, hata mwezi wa Juni 2021 mashtaka yakafutwa wakaachiwa. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiandika khabari za mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017 na mpaka leo hajarudi kwake. Mtu akikumbuka haya husema moyoni: nikisema neno moja juu ya jirani, huenda asiye na hatia akaoza kifungoni kwa ulimi wangu, au huenda mimi mwenyewe nisionekane. Wenye kutawala wakitaka raia waseme, basi mlango wa kusemea usiwe ni mlango wa kupotelea. Hilo ni haki ya raia juu ya mtawala, na kulitaja si uasi.

Hata hivyo khofu ni udhuru kwa jinsi ya kusema. Si udhuru kwa kila namna ya kunyamaza. Kuficha ushahidi kumetajwa katika Suratul Bakara kwamba ni dhambi ya moyo, na Suratul Hujurat imeamrisha kuhakikisha khabari kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga. Ukizifunga amri hizo mbili pamoja utapata njia: sema ulichokiona kwa macho yako, wala usiongeze unachokidhani. Usiende peke yako; chukua watu wawili waaminifu, imamu wa msikiti au mzee wa mtaa au mwenyekiti, mwende pamoja. "Nimeona mapipa matatu" ni ushahidi. "Wale ni magaidi" ni hukumu, na wewe si kadhi.

Wako pia wasemao kwamba kumtaja Mwislamu ni kumsaliti. Mtume s.a.w. ametuamrisha kumsaidia ndugu akiwa amedhulumiwa na akiwa ni dhalimu, na alipoulizwa vipi atasaidiwa dhalimu, akafahamisha kwamba ni kwa kumzuilia dhulma yake. Na kuua wajumbe na wageni waliopewa amani ya nchi ni haramu kwa ijmaa. Sina haja ya kurefusha hapa.

Katika Suratul Aaraf mna kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Jumamosi. Walikuwa makundi matatu: waliovua, na waliokataza, na kundi la tatu lililowaambia waliokataza: ya nini kuwawaidhi watu ambao Mungu atawaangamiza? Adhabu ilipokuja, Kurani imesema kwamba waliokataza waliokoka, na waliodhulumu walishikwa. Kundi la tatu halikutajwa tena. Imepokewa kwamba Ibn Abbasi, mwanachuoni wa umma huu, aliifikilia aya hiyo akalia, kwa kuwa hakujua waliokaa kimya walifanywa nini, naye akijiona nafsi yake ameona mabaya mengi asiyakemee. Mwanafunzi wake Ikrima akamwambia: je, huoni kwamba walikichukia kitendo kile na kuwakhalifu wenye kukitenda? Ibn Abbasi akafurahi akamvika nguo. Nami nalipokuwa kijana nalifurahi pamoja naye. Sasa nimepita miaka hamsini, na katika kisa hicho nakaa zaidi mahali pa machozi, na sababu yake ni hii.

Yapata mwaka 2016 alikuwako kijana katika darsa yangu, mpole, mwenye hati nzuri. Siku moja akauliza mbele ya wenzake: "Maalim, Mwislamu anayefanya kazi serikalini bado ni Mwislamu?" Nalijua swali lile halikutoka kichwani mwake, alikwisha lisikia kwa mtu, pengine katika simu yake, na alikuja kwangu kulipima. Nami nalichoka siku ile, na swali likaniudhi, na nikaogopa wasikiao. Nikamwambia: "Wewe Safina hujaimaliza, wataka kuingia katika mambo ya maimamu?" Wenzake wakacheka. Akainama, akafunga kitabu chake. Wiki ya pili hakuja. Wiki ya tatu hakuja, na nitasema kweli: nikaona nimepumzika. Sikwenda kwao, na kwao ni nyumba ya kumi na mbili kutoka chuoni. Mwaka uliofuata mama yake alinijia akaniuliza kama nina khabari ya mwanawe. Aliaga kwamba aenda Mtwara kutafuta kazi ya korosho, na simu yake haipatikani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, 2017, ndipo vita vilipoanza Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Ruvuma, na baada yake zikawa zikisikika khabari za vijana wa Kitanzania walioko huko msituni. Oktoba 2020 wakavuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kila khabari ya namna hii ikisomwa katika redio, mama yule hunijia. Haniulizi kitu. Hukaa barazani, akanywa maji, akaondoka.

Huyu hakuwa mpangaji nisiyemjua jina. Nalimjua jina, na baba yake nalimswalia jeneza. Alileta dalili yake mwenyewe mkononi, akaiweka mbele yangu kama mtoto aletavyo ubao wake usahihishwe, nami nikaurudisha bila ya kuutazama. Kwa hiyo yule mfanya biashara aliponiuliza dhambi ni ipi, sikuweza kumjibu usiku ule.

Tangu hapo nimeiacha Alkhamisi baada ya Magharibi bila ya kitabu. Tunakaa na vijana, kila mtu huuliza atakalo, hata swali la kuchukiza, na sharti ni moja: hapana kucheka. Niliyoyajua nayajibu, na nisiyoyajua nayachukua kwa wenzangu nikaleta jawabu wiki ya pili. Asipokuja mtu mara mbili, tunakwenda kwao wawili watatu na halua kidogo. Mwenye kuona kosa katika niliyoyaandika humu naye aje. Chuoni twapatikana kila siku baina ya Alasiri na Magharibi, ila Ijumaa.